Miaka Tuliyojiongezea

Kila inapokaribia siku ya kufanya upya mkataba wa bima, simu yangu haipumziki. Wanapiga wapwa zangu, wanapiga watoto wa majirani, wanapiga hata wale niliowaandikisha wakiwa makarani wadogo na leo ni mabosi wenye ofisi zao. Wote wana swali moja. "Hajjati, bima ya afya imepanda tena. Kwa nini?" Mungu anisamehe, mimi hufurahi. Swali hilo ndilo lililonilisha miaka ishirini na sita, na mpaka leo sijachoka kulitafutia jibu. Nilipostaafu walinidai kadi ya kazi na funguo za kabati. Udadisi hawakunidai, nikatoka nao.

Kwa hiyo vijana wangu, nyinyi mnaoanza kuuza bima na nyinyi mnaoanza kuinunua, kaeni niwaambie niliyoyaona. Mimi ni Zaituni, Mnubi wa Kyebando, hapa Kampala. Baba yangu alikuwa polisi, tukakulia kwenye nyumba za polisi Naguru, ndiyo maana Kiswahili kwetu ni lugha ya kugombania chakula, wala si ya kuongea na wageni tu. Kazi yangu ilikuwa ya uwakala. Nilikuwa nabeba fomu, nazunguka kwenye karakana, masoko na vikundi vya akina mama, naandikisha wanachama, nawapelekea kadi zao, halafu mwaka ukiisha narudi kutukanwa kwa sababu ada imepanda.

Aliyenifundisha kazi tulimwita Ssalongo, kwa kuwa alikuwa baba wa mapacha, na Kampala mtu akishazaa mapacha jina lake la kwanza husahaulika hata na mkewe. Yeye ndiye aliyekuwa akipanga bei za vikundi vyote. Alikuwa Muganda mfupi, mpole, mwenye miwani iliyofungwa uzi, na alipenda maswali kuliko chakula cha mchana. Kila mwanamke alimwita Nyabo, yaani mama kwa Kiganda. Mwezi wangu wa kwanza aliniita mezani kwake, akaweka faili mbele yangu.

"Nyabo, mtu muzima iko na meno ngapi?"

"Thelathini na mawili," nikasema.

"Kale, vizuri. Huyu mtu yako wa mbao ameng'olewa thelathini na tano. Miaka mbili tu. Enda uangalie kama amebaki na mdomo."

Nikaenda. Mtu huyo alikuwa fundi seremala, mwanachama wa kikundi cha wauza mbao, na aliponiona akacheka. Meno yote yalikuwa pale, meupe, yamepangika vizuri. Nikamweleza niliyotumwa. Wala hakuona haya.

"Nyabo, hiyo meno ni ya ukoo," akaniambia. "Ndugu analia jino usiku na mchana, mimi na kadi iko mfukoni. Nimuache afe?"

Kadi za siku zile zilikuwa na picha ndogo iliyofifia, na kwa picha ile hata mimi ningeweza kuwa yule seremala. Kadi yake ilikuwa imezungushwa kwa kaka, mashemeji wawili, binamu wa Masaka na mwenye nyumba wake. Mwaka uliofuata ada ya kikundi kizima ikapanda, na katika mkutano wa kulalamika aliyepiga kelele kuliko wote alikuwa yeye. Nikamtazama mpaka akakaa. Wahenga walisema mchuma janga hula na wa kwao, nami naongeza kwamba kwenye bima wa kwao ni wengi kuliko anavyodhani.

Hapo ndipo Ssalongo aliponipa somo ambalo nawaomba mlishike. Alisema mtu akiambiwa ada imepanda, asianze na kununa. Aombe kwanza taarifa ya matumizi, ile karatasi inayoonyesha kikundi chake kilitibiwa nini mwaka mzima na wapi. Majina ya wagonjwa hayamo, wala hayatakiwi kuwamo, lakini magonjwa yamo. Ni haki ya mteja kuiomba, na wateja wengi hawajui kama ipo. Nimeona vikundi vikihama kampuni kwa hasira, vinakwenda na tatizo lao kama mtu anayehama nyumba akasahau kuwa kunguni wamo kwenye godoro.

Msije mkadhani kila ada inayopanda ni kosa la wanachama. La hasha. Dawa zetu nyingi zinatoka ng'ambo, na dola ikikohoa sisi tunalazwa. Hospitali zikinunua mashine mpya, mashine inataka wagonjwa wa kuilipia. Na kikundi kidogo kiko hatarini kuliko kikubwa, kwa sababu mtu mmoja akipata ugonjwa mzito, wenzake kumi na tisa wanausikia kwenye ada. Mambo hayo nilikuwa nayaeleza hata kwenye mazishi, watu hawaachi kuuliza. Lakini kuna sababu nyingine ambayo hakuna aliyeniuliza, na mimi mwenyewe ndiye niliyeitia kwenye fomu kwa mkono wangu. Nitaifikia.

Kwanza niwaambie habari ya vidole, nisije nikasahau. Baada ya mambo ya meno, kampuni zikaleta mashine za kusoma alama za vidole. Ukoo ukakatika. Lakini tukagundua kuwa kuna watu ambao mashine haiwajui: makanika, wapiga matofali, akina mama wa chapati ambao vidole vyao vimelambwa na moto miaka nenda rudi. Mama mmoja alisimama mbele ya dirisha la hospitali anatetemeka kwa malaria, akaniambia kwenye simu, "Hajjati, mimi niko hapa, mashine inasema mimi hapana. Sasa nani anaumwa?" Tangu siku hiyo nikiandikisha watu wa kazi za mikono huwa nachukua alama ya kidole kidogo cha mkono wa kushoto, kwa sababu ndicho kidole kivivu kuliko vyote, hakijachakaa. Hilo hamtalikuta kwenye kitabu cha mafunzo.

Sasa nirudi Kyebando.

Kwetu pale kulikuwa na kikundi cha akina mama ishirini na wawili. Wengi wao Wanubi, wasusi wa vyano na vikapu, na wachache wafanyabiashara wa mtaani. Kikundi kilikuwa na masufuria makubwa na mikeka ya kukodisha kwenye arusi na misiba, na mwenyekiti wao tulimwita Haboba, maana yake nyanya. Kwa desturi ya kikundi, mwenyekiti ndiye mkubwa kwa umri. Wakubwa saba hukaa kwenye mikeka ya ndani, kwa mpangilio, kuanzia ukutani mpaka mlangoni, na chakula kikija kinaanzia ukutani. Wadogo hukaa barazani. Haboba alikaa ukutani. Mtu wa mwisho kwenye mikeka, pale mlangoni, alikuwa Mama Akinyi, mkaanga samaki kutoka upande wa Kisumu, Mkristo, aliyejiunga baada ya wote. Hakuna aliyemuuliza miaka yake. Mkeka wa mlangoni ulikuwa wazi, akaukalia.

Sikilizeni hapa vizuri. Wapo wanawake wa mji huu wanaopunguza miaka, nawajua, nimewaandikisha. Kwetu ni kinyume. Ukubwa una cheo, una mkeka, una mnofu wa kwanza, na mwanamke akitajiwa umri mdogo huona ametukanwa. Nilikuwa nalijua hilo tangu utotoni. Na bado, siku ya kuwaandikisha, nilikaa sebuleni kwa Haboba, kalamu mkononi, nikaanza kuuliza umri mbele ya watu wote.

Nilianza na aliyekuwa karibu nami, Mama Akinyi.

"Mimi niko na hamsini na tisa," akasema, akatoa kwenye mkoba kadi yake ya ubatizo. "Angalia mwenyewe, usiniandike vibaya."

Nikageukia aliyemfuata. Akamtazama Akinyi, akatazama mkeka wake mwenyewe. "Sitini," akasema.

Aliyefuata alikuwa Safia. Safia huyu nimekua naye. Baba yake na baba yangu walikuwa kwenye kikosi kimoja, na shuleni alikuwa darasa moja nyuma yangu, nikimvusha barabara kwa mkono. Mimi siku ile nilikuwa na miaka hamsini na mitano.

"Sitini na mbili," akasema Safia.

Nikainua kichwa. Akanikazia macho. "Zaitu, andika tu. Mimi naweza kukaa chini ya huyu? Andika, bwana, chai inapoa."

Nikacheka. Nikaandika. Sitini na nne, sitini na tano, sitini na sita, na Haboba akafunga kwa sitini na nane, huku akirekebisha shali yake. Tulikunywa chai na mandazi, nikaondoka nimeridhika na kazi safi. Miezi michache baadaye serikali ikaja kuandikisha vitambulisho, na akina mama wale, kwa kuogopa kadi ya bima na kitambulisho visije vikagombana, wakanakili miaka ile ile niliyoiandika mimi. Uongo wa chai ukawa na muhuri.

Ada yao ilikuwa juu tangu mwanzo, nikaona ni kawaida. Ikapanda mwaka wa pili, nikawaeleza habari za dola. Mwaka wa tatu kampuni ikaleta sharti jipya kwa vikundi vidogo vyote: aliyefikisha miaka sitini na mitano hatahuishwa. Nikatoa orodha ya Kyebando. Watano kati ya wale saba walikuwa nje, na Safia alikuwa mmoja wao, kwani sitini na mbili yake ilikuwa imetimia sitini na tano wiki zile zile.

Sasa Safia alikuwa na uvimbe shingoni, ule tunaouita rovu. Alikuwa ameuficha chini ya mtandio kwa muda mrefu, akiogopa kuwa akiutaja, wenzake watapandishiwa ada kwa ajili yake. Mficha maradhi kifo humuumbua. Ulipokuja kuonekana, daktari alisema unabana njia ya hewa na lazima utolewe kabla ya miezi miwili kwisha. Alikuwa analala amekaa, ameegemea mito. Upasuaji ulikuwa umeshapangwa, wiki tatu baada ya mkataba kwisha. Bila bima, wanawe wangeuza cherehani zake na kile chumba anachoshonea, na hata hivyo fedha zisingetosha. Alipopata barua ya kukatwa kwenye bima hakunipigia simu. Alikuja mwenyewe ofisini, akapanda ngazi taratibu, anapumua kwa mluzi.

"Zaitu," akasema, "mimi nimekuwa mzee lini?"

Nilimkalisha, nikampa maji, nikaenda moja kwa moja kwa Ssalongo na lile faili. Nilikuwa nimejiandaa kumweleza habari ndefu. Hakuhitaji. Aliifungua fomu, akashusha kidole kwenye safu ya umri.

"Hamsini na tisa, sitini, sitini na mbili, sitini na nne," akasoma. "Hajjati, hii watu yako ilizaliwa kwa foleni?"

Nikavuta kiti, nikakaa.

"Ulipowauliza miaka, uliuliza wapi?"

"Sebuleni."

"Mbele ya nani?"

"Mbele ya wote."

Ssalongo akavua miwani, akajishika uso. Nilidhani analia, kumbe anacheka, halafu cheko likakatika ghafla akawa mkali kama sijapata kumwona. Akaniambia umri ndiyo nguzo ya kwanza ya bei. Akina mama wale walikuwa wamelipishwa miaka mitatu kwa uzee wasiokuwa nao, wao na wale wadogo wa barazani pia, kwa sababu ada ni ya kikundi. Na bado mkataba unasema maelezo ya uongo yanaweza kuuvunja wote. Nikamwomba amrekebishe Safia peke yake, kimya kimya, kwani mimi ni shahidi nimesoma naye.

"Nyabo, hesabu haina huluma," akasema. "Kama moja ni uongo, nitaamini gani? Leta wote saba, na karatasi za zamani, na kiapo cha wakili. Na wewe andika barua useme kosa ni lako. Ukileta moja, sitaki."

Ilikuwa imebaki siku kumi na moja mkataba kwisha.

Vijana, nawaambia ukweli, niliogopa barua ile kuliko kitu chochote. Nilikuwa nimebakiza miaka miwili nistaafu. Niliiandika mara nne. Ya kwanza ilisema "kulitokea hitilafu." Ya pili ilisema "wateja walitoa maelezo." Ya nne ndiyo ilisema, mimi Zaituni nilijua na nikaandika. Niliitia kwenye bahasha na kuipeleka kabla moyo haujageuka.

Kisha nikaanza kuwinda karatasi, na hapo, nisidanganye, udadisi wangu ukasahau hofu. Mlishawahi kutafuta umri wa mtu asiye na cheti cha kuzaliwa? Ni kazi tamu. Nilikwenda kwenye shule yetu ya msingi, mwalimu mkuu akanifungulia kabati lililojaa vumbi, nikakaa sakafuni na vile vitabu vya mahudhurio ambavyo mchwa walikuwa wameshaonja pembeni. Nikalikuta jina langu, darasa la pili. Nikafunua kitabu cha darasa la kwanza cha mwaka ule ule, na Safia yupo pale, umri: miaka saba. Nilipiga kelele mpaka mwalimu akaja mbio. Kwa hesabu ya kitabu kile, Safia alikuwa na hamsini na saba. Kwa wengine nilitafuta hati za nikaha, kadi za kliniki za watoto wao wa kwanza, cheti cha mafunzo ya ushonaji cha mmoja wao. Kitabu cha nikaha msikitini kilisema Haboba aliolewa ana miaka kumi na saba, na mwaka ulikuwepo. Nikahesabu, nikahesabu tena. Haboba alikuwa na sitini. Si sabini na moja, kama kadi yake ilivyosema.

Nikainua kichwa kwenye kile kitabu. Mama Akinyi, mwenye kadi ya ubatizo, alikuwa na sitini na miwili. Mkubwa wa kikundi alikuwa yule wa mlangoni.

Nilikwenda kwa Haboba peke yangu, nikamkuta jikoni anahesabu masufuria yaliyorudi arusini. Nilimwamkia, nikamweleza yote, pamoja na barua yangu. Alisikiliza akiwa amenipa mgongo.

"Kwa hiyo unataka mimi niwe mudogo wa Akinyi," akasema.

"Sitaki mimi, Haboba. Kitabu ndicho kinasema."

"Miaka yote watu wananipa mukono, wananiita Haboba. Kesho wataniita nani? Dada?"

Hakuwa anatania. Nilimwona mabega yanatikisika, na nikamwonea huruma kwa dhati, kwa sababu mumewe alikwisha kufa, watoto wako mbali, na mkeka ule wa ukutani ndio ulikuwa nyumba yake hasa. Ukubwa ni jalala, husemwa, lakini kwa mtu asiye na kingine hata jalala ni mali. Sikumsukuma. Nilikuwa nimeshafika mlangoni aliponiuliza, bado akiwa amenipa mgongo, "Shingo ya Safia imefika wapi?"

"Analala amekaa," nikasema.

Akarudi kuhesabu masufuria, akaanza tena na la kwanza.

Mkutano ulikuwa Ijumaa baada ya sala. Safari hii nilikuwa nimejifunza. Nilipanga kumwita kila mmoja chumbani kwa Haboba peke yake, mlango ufungwe, aseme miaka yake na aweke dole gumba kwenye kiapo, basi. Ndivyo nawafundisha nanyi mfanye: umri, uzito, ugonjwa na idadi ya wake havitajwi mbele ya watu. Wakili kijana niliyekuja naye alikuwa ameshakaa chumbani na mihuri yake. Akina mama walikuwa kwenye mikeka yao, wamenuna, kila mmoja anatazama kucha zake. Safia alikuwa amekaa katikati yao, mtandio umefunguka, na sebule nzima ilikuwa inasikia pumzi yake.

Nikasimama nimwite wa kwanza. Haboba akainuka kabla yangu. Aliokota shali yake, akaondoka ukutani, akawapita wenzake watano kwenye mikeka yao mpaka mlangoni, akasimama mbele ya Mama Akinyi.

"Mimi sitini," akasema kwa sauti ya kusikika barazani. "Tulidanganya hapa, tutasema hapa. Akinyi, panda juu."

Mama Akinyi akashtuka. "Aka! Mimi? Haboba, mimi nimezoea hapa, kuna hewa."

"Panda, nakuambia. Dada mukubwa hakai mulangoni."

Hakuna aliyecheka. Mama Akinyi alikwenda ukutani amebeba viatu vyake mkononi, amekunja uso kama anayepelekwa kituo cha polisi, na Haboba akajishusha pale mlangoni alipotoka Akinyi. Aliyefuata akasema hamsini na tano. Mwingine akasema hamsini na nane, halafu akaanza kulia, halafu wakaanza kukumbushana nani alimbeba nani mgongoni, na wakili ikabidi ahamishe mihuri yake sebuleni kwa sababu chumbani hakukwenda mtu. Tulimaliza karibu na magharibi. Mikeka ilikuwa imepanguka yote.

Mtaniuliza, je, ada ilishuka? Haikushuka. Dawa zilikuwa zimepanda mwaka ule, na mikono ya Ssalongo ilikuwa imefungwa. Lakini ilipanda kidogo sana kuliko ile iliyotajwa kwanza, na wote ishirini na wawili wakahuishwa. Walichozidi kulipa miaka mitatu ya nyuma hawakurudishiwa hata shilingi, na hilo linaniuma mpaka leo. Mimi nilipewa barua ya onyo, ikakaa kwenye faili langu hadi siku ya kustaafu. Ninaitaja bila kuficha kwa sababu nataka mwogope kalamu zenu. Kila mwaka mpya wa mkataba, kabla hamjauliza kwa nini ada imepanda, someni kwanza yale mliyojiandika wenyewe: miaka, majina, wategemezi. Bei inasoma hayo kabla ya kusoma kitu kingine.

Safia alipasuliwa siku ile ile aliyopangiwa. Kesho yake tulikwenda kumwona, sita tuliokubaliwa kuingia, na Haboba akiwa mbele amebeba chupa ya uji. Safia alikuwa amelala chali. Amelala, kweli, kichwa kiko kwenye mto mmoja, shingo imefungwa bendeji nyeupe, na pumzi yake haisikiki kabisa. Alikuwa amekatazwa kuongea. Muuguzi akaja na ubao wake, msichana mdogo, akauliza jina nikamjibu mimi, halafu akauliza, "Mgonjwa ana miaka mingapi?"

Tulimtazama Safia. Akatutazama sote, mmoja mmoja, mpaka akamfikia Haboba. Kisha akatoa mikono yake miwili chini ya shuka, akakunjua vidole vyote kumi.

"Kumi," akasema Haboba.

Safia akafumba mikono, akaifumbua.

"Ishirini," tukasema, watatu wetu.

Alifumba na kufumbua, na sisi tunahesabu, thelathini, arubaini, sauti zinapanda mpaka wagonjwa wa vitanda vya jirani wakageuka, mmoja wao akaanza kuhesabu pamoja nasi bila kujua ni kitu gani. Hamsini. Kisha mkono mmoja na vidole viwili, akavishika hewani, havitikisiki. Nilikuwa nalia na sikujali anayeniona.

"Hamsini na saba," akasema Haboba, na muuguzi akaandika.